Dhana au Alama? Tahakiki ya Hoja ya Gauss juu ya Faktoria na Baki

Husemwa mara kwa mara kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba hisabati ya juu mpaka kwanza kipatiwe istilahi na alama za kutosha. Hoja ya namna hii haikuanzia kwetu. Ilitolewa Uingereza mwaka 1770, na jibu lake likachapishwa Leipzig mwaka 1801. Makala haya yanakusudia kulipima jibu hilo kwa mizani ya lugha yetu.

Katika Meditationes Algebraicae, Edward Waring wa Cambridge alitangaza kanuni aliyoinasibisha na John Wilson. Twaa namba tasa yoyote. Zidisha namba zote zilizo chini yake, tangu 1. Ongeza 1 kwenye zao hilo. Jumla itagawanyika kwa tasa ile pasipo baki. Waring hakuweza kuithibitisha, na akatoa udhuru kwamba hapakuwa na alama ya kuielezea namba tasa. Lagrange aliithibitisha mwaka 1771. Miaka thelathini baadaye Gauss, katika fungu la 76 la Disquisitiones Arithmeticae, aliujibu udhuru huo: ukweli wa aina hii hauna budi kuchotwa katika dhana, wala si katika alama. Kwa Kilatini maneno hayo mawili, notiones na notationes, hukaribiana kwa sauti, na ukali wa jibu umo katika mkaribiano huo.

Je, jibu hilo lasimama? Na tulijaribu kwa Kiswahili, tukitumia 13, mfano wa Gauss mwenyewe. Namba mbili ni wenzi iwapo zao lao, likigawanywa kwa 13, hubakiza 1. Basi 2 mwenziwe ni 7, kwani 14 hubakiza 1. Vivyo hivyo 3 na 9, 4 na 10, 5 na 8, 6 na 11. Waliosalia pweke ni 1 na 12, ambao kila mmoja ni mwenzi wa nafsi yake. Kila jozi hubakiza 1. Kwa hiyo zao la namba zote, tangu 1 hadi 12, hubakiza 12. Ongeza 1, na baki hutoweka. Zao lenyewe ni 479,001,600, lakini hatukulihitaji.

Ubora wa thibitisho hili ni kwamba dhana moja, ya wenzi, imefanya kazi yote. Wala si dhana ya kufunga tu, bali pia ya kufungulia. Mtu akiulizwa baki la faktoria ya 10 kwa 13, atasema: 12 imepungukiwa na 13 kwa 1, na 11 kwa 2, zao la mapungufu hayo ni 2. Hivyo baki litafutwalo, likizidishwa kwa 2, lazima libakize 12. Baki hilo ni 6.

Hata hivyo, neno letu tasa lastahili kuhojiwa. Tasa ni asiyezaa, lakini namba 13 inazaa vigawe visivyo na mwisho: 26, 39, 52 na kuendelea. Kilichokosekana kwake ni wazazi: haikuzaliwa na namba mbili ndogo kuliko yenyewe. Waarabu waliiita namba ya awali, na jina hilo linaigusa dhana kwa karibu zaidi. Hatusemi neno lililokwisha kuzoeleka litupwe. Tunasema mwalimu asidhani kwamba kwa kulitamka amekwisha kufundisha. Sharti la utasa ndilo linalohakikisha kila namba inapata mwenzi. Kwa 8, namba 2 haina mwenzi, kwa kuwa vigawe vyake hubakiza shufwa daima.

Ushahidi mwingine ni wa kale zaidi. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra na kufariki Misri yapata mwaka 1040, alitafuta namba ibakizayo 1 ikigawanywa kwa 2, 3, 4, 5 na 6, na isiyobakiza kitu kwa 7. Jibu lake moja ni 721, yaani zao la 1 hadi 6 na 1 zaidi. Aliifikia njia hiyo kwa nathari ya Kiarabu, karne nyingi kabla ya Kramp kuipa faktoria alama ya mshangao mwaka 1808.

Lakini tusimtukuze Gauss kupita kiasi. Katika kitabu kile kile alileta alama ya mistari mitatu ya ulinganifu wa mabaki, na wanahisabati hawajaiacha mpaka leo. Alama huharakisha mwendo wa anayejua aendako. Kosa la Waring lilikuwa kuifanya alama sharti la kuanza safari. Wale wanaokingojesha Kiswahili hadi istilahi zote zikamilike wanarudia kosa hilo, na gharama yake humwangukia mwanafunzi aliyekariri kanuni kwa lugha ya kigeni asiweze kumweleza mwenziwe sababu yake.