Jicho la Kuchagua Dume

Katika minada ya ng'ombe ya Mkoa wa Katavi, dume hununuliwa kwa macho ya bucha. Mnunuzi hutazama mapaja, hupapasa mgongo, hukadiria kilo, hutaja bei. Kwa ng'ombe wa kuchinjwa hesabu hiyo inatosha. Lakini huko Mpimbwe, Mlele na Wilaya ya Tanganyika wapo wazee wanaomtazama dume huyohuyo kwa namna nyingine kabisa, wakimtafutia kazi ya kupanda. Elimu yao naihesabu miongoni mwa elimu kubwa tulizonazo, na inaniuma kwamba haijaandikwa.

Mzee anayeijua kazi hii haanzi na dume. Huuliza kwanza kama mama yake yuko hai. Akiambiwa yuko, huomba apelekwe zizini jioni, kundi linaporudi na viwele vimejaa. Hutazama chuchu kama zimekaa kwa nafasi au zimesongamana, kama ni nene kiasi kwamba ndama mchanga atashindwa kuzishika. Huuliza jike huyo kazaa mara ngapi, na kati ya ndama mmoja na mwingine masika mangapi yamepita. Niliwahi kumsikia kijana akimwambia mzee wa namna hiyo, "Babu, sisi tumekuja kununua dume, si jike." Mzee akajibu bila kugeuka, "Mjukuu wangu, maziwa ya binti zake utayaonea wapi kama si kwa mama yake?"

Ndipo humgeukia dume mwenyewe, na kumwacha atembee. Ubavuni nundu na rangi humdanganya mtu, kwa hiyo mzee husimama nyuma, aone miguu inakwenda sawa bila visigino kukaribiana, kisha huinamia udongo kutazama kwato za nyuma zimekanyaga wapi. Uzito wote wa dume anapopanda huangukia miguu ile ya nyuma. Ikiwa mibovu, nundu haitamsaidia. Hukagua korodani: ziwe mbili, zilingane, zining'inie huru. Wataalamu wa uzazi wa mifugo nao hupima mzingo wake kwa utepe, na wamethibitisha kwamba dume mwenye korodani kubwa huelekea kuzaa mitamba inayowahi kupevuka. Hufungua kinywa: meno mawili ya ukubwani huota umri ukikaribia miaka miwili, na kinywa hujaa karibu na mitano, hivyo muuzaji hawezi kumdanganya kuhusu umri. Mwisho humtazama dume akiwa na watoto wanaomchunga. Dume mkali, awe mzuri namna gani, huhasiwa akawa maksai wa jembe, maana kundi kwetu huchungwa na watoto, na hakuna kilo zinazofidia mtoto aliyepigwa pembe.

Nchi yenyewe ina masharti yake. Katavi ni mkoa wa miombo, na miombo ni makazi ya mbung'o aletaye nagana. Kupe nao huleta ndigana kali. Wafugaji wengi wa Kisukuma walifika huku kuanzia miaka ya 1970 na kuendelea, wakiswaga makundi yao kutoka kaskazini kupitia Tabora hadi bonde la Ziwa Rukwa. Ng'ombe wao walikuwa Zebu wa pembe fupi, wadogo wa umbo, wa maziwa machache. Lakini walifika wakiwa hai. Ndiyo maana mzee huuliza pia kuhusu mwezi wa kumi, Mto Katuma unapobaki madimbwi na majani yamekuwa vijiti. Dume anayependeza mwezi wa tatu hajamwambia mtu kitu, kwani mwezi wa tatu kila ng'ombe ananenepa. Anayefika mwezi wa kumi akiwa bado anatembea umbali mrefu kwenda kunywa, na bado anawafuata majike wenye joto, huyo ana jambo la kurithisha.

Hata hivyo, ukaguzi huo wote ni kubashiri tu. Ushahidi wenyewe ni watoto, na watoto huchelewa. Dume huanza kazi akiwa na miaka mitatu hivi. Mimba huchukua miezi tisa na siku kadhaa. Mtamba wa Zebu katika malisho ya kawaida huzaa mara ya kwanza akikaribia miaka minne. Jumlisha: siku binti wa kwanza wa dume anapokamuliwa, baba yake ana karibu miaka minane. Kwa wengi wetu dume huyo alishapelekwa mnadani zamani, mwenye kundi alipodaiwa ada ya shule au alipotaka mabati. Tunawauza madume wetu kabla hatujawajua, na hatutapata kujua ni yupi alikuwa hazina.

Ugumu huu wanao hata matajiri. Farasi hatuwafugi hapa Katavi, kwa sababu mbung'o hawawahurumii, lakini biashara ya kupandisha farasi wa mbio inafundisha vizuri habari hii. Dubawi, farasi wa familia inayotawala Dubai, alishinda mbio za Irish 2,000 Guineas mwaka 2005, na mwaka uliofuata akawekwa Newmarket, Uingereza, apandishwe kwa ada ya pauni 25,000 kwa jike mmoja. Hapo alikuwa analipiwa jina lake na la baba yake, Dubai Millennium, aliyekufa mwaka 2001 akiwa bado katika msimu wake wa kwanza wa kupanda. Msisimko ukapoa, na kufikia mwaka 2009, watoto wake wa kwanza wakiwa bado hawajaingia uwanjani, ada ilikuwa pauni 15,000. Kisha watoto wakaanza kukimbia na kushinda. Kufikia mwaka 2017 ada ilikuwa pauni 250,000, na mwaka 2023 ikafika 350,000. Dume ni yuleyule, miguu ni ileile. Kilichoongezeka ni watoto.

Na kuna upande wa pili. Mwaka 1983, Sheikh Mohammed wa Dubai alinunua mnadani Kentucky, Marekani, farasi mchanga aliyeitwa Snaafi Dancer kwa dola milioni 10.2. Nasaba yake haikuwa na kasoro: baba yake alikuwa Northern Dancer, ambaye katika miaka hiyo hakukuwa na dume aliyetafutwa kama yeye. Snaafi Dancer hakukimbia hata mbio moja, na alipopelekwa kupanda ikaonekana uzazi wake ni dhaifu. Aliacha watoto wanne tu. Nasaba ni ushahidi wa awali, na mtu aliyeinunua kwa bei ya ushahidi kamili amelipia kitu ambacho hakijatokea.

Anayenivutia kuliko hao wote ni mfugaji wa Kiingereza wa karne ya 18, Robert Bakewell wa Dishley. Bakewell alikodisha kondoo madume. Msimu ukianza, dume alikwenda kwa mkulima mwingine kwa malipo. Msimu ukiisha, alirudi nyumbani. Wengi walimsifu kwa fedha alizopata, lakini faida kubwa ilikuwa nyingine. Watoto wa madume wake walizaliwa katika mashamba ya watu, kwenye malisho tofauti na mikononi mwa wachungaji tofauti, naye akawa anapita kuwatazama. Aliweza kumjua dume kabla hajamtupa, na aliyethibitika kuwa bora alikuwa bado wake.

Sisi hali yetu ni ya ajabu zaidi. Malisho ni ya pamoja, majike wa koo kumi hukutana mtoni, na dume wa jirani humpanda jike wako bila mtu kudai senti. Ni ukarimu, na naupenda. Lakini matokeo yake ni kwamba anayemtunza dume bora halipwi chochote kwa ubora huo, ila siku anapompeleka kwa mchinjaji. Na lipo tatizo jingine linaloumiza wale waliojitahidi kumtunza dume miaka yote hiyo minane: siku wanapogundua kwamba binti zake wana maziwa, binti haohao wamekuwa majike wa kundi, na baba yao anawapanda. Ndama hudhoofika. Dume aliyethibitika inabidi aondoke katika kundi lililomthibitisha.

Uhimilishaji unajibu sehemu ya tatizo. Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji kilichopo Usa River, Arusha, huvuna mbegu za madume waliochaguliwa na kuzihifadhi katika naitrojeni ya kimiminika, kwenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, na dume huweza kuendelea kupata watoto hata baada ya kufa. Wafugaji wa farasi wa mbio wamejinyima njia hiyo kwa kanuni zao; kwao dume lazima ampande jike kwa mwili wake, na ndiyo sababu mojawapo ya ada zao kupanda vile. Kwetu kanuni haizuii, umbali ndio unaozuia. Jike wa Zebu huonyesha joto kwa saa chache, mara nyingi usiku. Mpaka mchungaji agundue, mhimilishaji apigiwe simu, na pikipiki ifike kutoka mjini Mpanda hadi ukingoni mwa Rukwa, wakati umepita. Kwa kundi la mbali, dume wa kutembea kwa miguu ataendelea kuhitajika kwa miaka mingi.

Kwa hiyo namtaka dume ahame badala ya kuchinjwa. Akitimiza miaka minne au mitano ya kazi, aende kundi la mbali ambako hana binti, na anayempokea alipe ada. Katika farasi, mikataba mingi hudai ada pale tu mtoto anapozaliwa hai, akasimama na kunyonya. Kwetu ada hiyo inaweza kuwa mtamba mmoja kwa kila idadi ya ndama watakaokubaliana, au fedha, au dume kwa dume baina ya koo mbili zinazoaminiana. Kabla ya kuhama apimwe homa ya kutupa mimba, maana dume mgonjwa anaweza kuuingiza ugonjwa katika kundi jipya. Na aende na maandishi: mama yake ni nani, binti zake wamezaa mara ngapi, wangapi walivuka mwezi wa kumi bila kuanguka. Kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo iliyozinduliwa mwaka 2025 inawavisha ng'ombe hereni zenye namba. Namba hiyo peke yake haisemi dume anafaa, ila sasa kuna kitu cha kuandikia habari mbele yake. Pa kuanzia ni kwenye josho, ambako makundi hukutana kuogeshwa, wazee wapo, na vijana wanaojua kuandika wamesimama kando wakihesabu ng'ombe.