Kuotea Kulukulu katika Vihamba vya Old Moshi

Kupiga picha ndege wa porini ni tawi la sanaa kongwe ya kuotea, yaani kukaa mahali pamoja kwa ukimya hadi kile kinachotafutwa kije chenyewe, na sanaa hiyo mtega ulimbo aliijua vizuri kabla kamera yoyote haijapandishwa kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Ulimbo, ule utomvu mzito unaopakwa kwenye kijiti ili uinase miguu ya ndege, haukumfaa kitu mtu asiyejua ndege angetua wapi, saa ngapi na kwa sababu gani. Na lenzi nayo, hata ikiwa ndefu kama mchi na ya bei ya ng'ombe kadhaa, haimfai asiyejua hayo. Wawili hao hutofautiana mwishoni tu, kwa kuwa mtega ulimbo huondoka na ndege, ilhali mpiga picha humwacha aliko na kuondoka na mwanga uliomgusa.

Mlima huu ulifikiwa na bunduki za wakusanyaji kwanza, kamera zikafuata. Mwaka 1884 Mwingereza Harry Johnston alifika Moshi ya Mangi, yaani chifu, Rindi, ambaye wageni walimwita Mandara, akakusanya mimea na ndege kwa niaba ya wataalamu wa kwao, na mmoja wa ndege hao, chozi mwenye mkia mrefu na vishungi vyekundu pembeni mwa kifua, anayefyonza maua ya malobelia makubwa juu ya mpaka wa msitu, akapewa katika vitabu vya sayansi jina la mgeni huyo, kana kwamba hakuwa ameonekana na mtu mwingine. Baadaye Mjerumani Carl Georg Schillings, aliyesafiri katika nyika zinazouzunguka mlima, aliwapiga picha wanyama usiku kwa kuwasha unga wa magnesi, na kitabu chake cha mwaka 1905 kiliweka mwali na bunduki pamoja katika jina lake, jambo linaloeleza enzi ile kuliko maelezo marefu. Njia ya upole zaidi ilianzia Uingereza kwa ndugu wawili, Richard na Cherry Kearton, ambao mwaka 1892 walipiga picha ya kiota chenye mayai mahali pake penyewe, na baadaye wakabuni ng'ombe wa bandia ambaye mmoja wao aliingia tumboni mwake na kamera ili ndege wasishtuke. Hila hiyo isingefaa Uchagani, ambako ng'ombe hufungwa zizini na kukatiwa majani, kwa hiyo ng'ombe anayetembea peke yake kati ya migomba angewashtua ndege na wenye shamba pia.

Anayefundisha sanaa hii vizuri kuliko wote katika Old Moshi, ile Moshi ya Rindi, ni kulukulu, ambaye wengine humwita shorobo. Ni ndege wa ukubwa wa kuku mdogo mwenye mkia mrefu, mwili wa kijani, kishungi cheusi chenye mng'ao wa buluu na doa jeupe mbele ya jicho, na anapotulia ndani ya mti wenye majani mengi huwa kama hayupo. Kijani chake ni cha ajabu hata kwa wataalamu, kwa kuwa ndege wengi wa kijani huipata rangi hiyo kwa namna manyoya yao yanavyocheza na mwanga, ilhali kulukulu anayo rangi yenyewe ndani ya unyoya. Na wekundu wa mabawa yake hutokana na rangi nyingine yenye madini ya shaba, ambayo hupatikana katika jamii yake tu.

Wekundu huo, hata hivyo, haumo katika ndege aliyetua. Bawa likikunjwa huonekana kijani na buluu tu, na kulukulu hapendi kuruka: hukimbia juu ya tawi kama kindi, huruka kwa miguu kutoka tawi hadi tawi, hupanda hadi ncha ya mti, na hapo tu, akiwa hana tena pa kukanyaga, hufungua mabawa na kuteleza hewani hadi mti wa pili. Katika mtelezo huo, unaokwisha kabla mtu hajamaliza kuvuta pumzi, ndipo duara mbili za rangi ya damu hufunguka na kufungwa. Mpiga picha anayeinua kamera baada ya kuziona amekwisha kuchelewa. Hana budi kuwa ameuchagua mapema mwanya kati ya miti miwili, amepima umbali wake, ameweka kasi ya shata, yaani muda ambao kilango cha kamera hubaki wazi, kulingana na mwanga hafifu wa chini ya majani, kisha ameelekeza lenzi mahali ambapo bado hapana kitu.

Kuelekeza lenzi mahali pasipo na kitu, na kuwa na hakika kwamba patakuwa na kitu, ndiyo elimu yote ya kazi hii, na elimu hiyo haiuzwi na kamera. Hutoka katika kihamba, lile shamba la ukoo lenye migomba, mibuni chini yake na miti mirefu juu ya vyote. Mwenye kihamba anajua mkuyu upi umezaa wiki hii na upi umekwisha kuliwa. Anajua msesewe, ambao gome lake hutiwa katika pombe ya mbege, huwaita ndege matunda yake yanapoiva. Anajua mringaringa unapochanua maua meupe nyuki huja, na ndege wanaokula wadudu hufuata nyuki. Anajua pia kwamba asubuhi ya anga safi mlima huonekana wote, na kwamba saa chache baadaye mawingu hushuka na mwanga hugeuka kuwa wa kijivu usio na kivuli, mwanga ambao wageni huulalamikia lakini ndio unaomfaa ndege wa kijani, kwa sababu jua kali hupasua majani kuwa madoa meupe na kumpoteza katikati yake.

Wakati wa filamu, subira hii ilikuwa na mlinzi wake. Mkanda ulikuwa na picha 36, kila moja ikigharimu fedha mara mbili, wakati wa kununua na wakati wa kusafisha, na mkanda wenyewe uliteremshwa mjini, ule mji wa chini uliokua baada ya reli ya kutoka Tanga kufika mwaka 1911 na kulichukua jina la Moshi, na kukiachia kilima neno la Kiingereza la ukale. Matokeo yalingojewa siku kadhaa. Mtu aliyekuwa na nafasi 36 hakubonyeza kwa kujaribu bahati. Alimtazama ndege siku ya kwanza bila kamera, siku ya pili aliketi karibu kidogo, na siku ya tatu pengine alipiga mara mbili. Si haki kusema kwamba kamera za kidijiti, zinazohifadhi picha kama tarakimu na kupiga nyingi ndani ya sekunde moja, zimeharibu kazi, kwa kuwa zimewaonyesha watu unyoya kwa unyoya mambo ambayo filamu haikuweza kuyaona gizani. Lakini mtu anayerudi na picha 2000 za asubuhi moja huzitazama nyuma ya kamera huku ndege akiwa bado juu ya kichwa chake, na huo ni upotevu ambao hausahihishwi kwa lenzi bora.

Upotevu mkubwa zaidi uko katika miti. Msitu wa juu umo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, iliyoanzishwa mwaka 1973 na kupanuliwa mwaka 2005 ili kuuingiza, lakini kihamba hakilindwi na mpaka huo. Bei ya kahawa ilipoanguka, mibuni iling'olewa, na mti uliopandwa au kuachwa ili uipe kahawa kivuli ukapoteza hoja yake ya kusimama; ardhi ilipogawanywa kwa wana na wajukuu, kila kipande kikawa kidogo mno kubeba mti wa mruka wenye kivuli cha nyumba tatu. Mbao zililipa ada za shule, na ni vigumu kumlaumu mzazi kwa hilo. Hata hivyo hondohondo, ambaye jike wake hujifungia ndani ya pango la mti mzee kwa kuziba mlango kwa udongo na kubakiza ufa mwembamba wa kulishiwa na dume, hawezi kuingia katika mti wa miaka kumi. Na kulukulu anayeteleza kutoka ncha hadi ncha anahitaji ncha ya pili. Mwanya ambao mpiga picha aliuchagua zamani kati ya miti miwili umekuwa, mahali pengi, uwazi juu ya bati.

Mahali pa subira pameingia njia ya mkato. Simu ya mfukoni hubeba sauti za ndege zilizorekodiwa, na mgeni aliyepewa asubuhi moja tu kabla ya safari ya mbuga huongozwa hadi ukingo wa msitu, sauti ya kulukulu hufunguliwa, ile milio mizito inayorudiarudia, na mwenye eneo, akidhani amevamiwa na kulukulu mwingine, hutoka majanini mbio. Hatui kwa sababu tunda limeiva. Huja na mabawa wazi, mwekundu kuliko siku nyingine zote, hadi tawi la karibu, na picha hupatikana kwa dakika chache, safi na kali hadi kwenye jicho. Kisha simu huzimwa, mikoba hufungwa, gari huwashwa kuelekea barabara kuu, na kulukulu hubaki juu ya tawi akiita, akikimbia hadi ncha na kurudi, akimtafuta yule aliyemwita.