Uaminifu kwa Nani? Elsa, Kora na Watu wa Kaskazini Mashariki katika Filamu

Utangulizi

Swali la iwapo filamu imekuwa aminifu kwa kazi iliyoizaa ni kongwe katika uhakiki. Msomaji aliyempenda mhusika kitabuni au katika hadithi za picha huingia katika ukumbi wa sinema akiwa na mizani yake: Je, huyu amefanana na yule? Amenena alivyonena? Mfano wa Tarzan unajulikana. Katika riwaya ya Edgar Rice Burroughs iliyotoka kama kitabu mwaka 1914, Tarzan hujifundisha kusoma kutokana na vitabu vilivyoachwa na wazazi wake, na lugha ya kwanza ya binadamu anayoizungumza ni Kifaransa. Mwaka 1929 aliingia katika hadithi za picha za magazetini, na filamu ya mwaka 1932 ikamfanya mtu wa maneno mawili matatu ya kubabaisha. Badiliko hilo limelalamikiwa kwa muda mrefu. Lisilolalamikiwa sana ni kwamba Afrika ya Tarzan, kitabuni, magazetini na katika filamu, haikuwa Afrika ya mtu yeyote. Mizani ilimpima mhusika, ardhi aliyosimama juu yake haikupimwa.

George Bluestone, katika kitabu chake cha mwaka 1957 kuhusu riwaya na filamu, alionyesha kwamba tanzu hizi mbili hutumia nyenzo tofauti, na kwa hivyo mageuzi hayaepukiki pindi kazi inapohama kutoka utanzu mmoja hadi mwingine. Linda Hutcheon, mwaka 2006, alikwenda mbali zaidi na kukataa uaminifu uwe kigezo kikuu cha kutathmini kazi iliyotoholewa. Hoja zao zina nguvu. Hata hivyo, kulitupa kabisa neno "uaminifu" ni kumwaga maji na mtungi wake. Makala haya yanashikilia kwamba neno hilo bado lafaa, mradi mhakiki aulize kwanza: uaminifu kwa nani? Swali hili litachunguzwa kwa kuzingatia filamu tatu zinazohusu eneo la kaskazini na kaskazini mashariki mwa Kenya, yaani Born Free (1966), To Walk with Lions (1999) na Watu Wote (2017).

Elsa: Kutoka Kitabuni hadi Kwenye Filamu

Kitabu cha Joy Adamson, Born Free, kilitolewa mwaka 1960. Kinasimulia habari za Elsa, simba jike aliyelelewa na mwandishi na mumewe George huko Isiolo baada ya mama yake kuuawa kwa risasi mwaka 1956. George alikuwa afisa wa wanyamapori katika Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, eneo pana lililojumuisha Garissa, Wajir na Mandera, pamoja na Isiolo, Marsabit na Moyale. Filamu iliyoongozwa na James Hill, huku Virginia McKenna na Bill Travers wakiigiza kama Joy na George, ilitokea miaka sita baadaye.

Kwa mizani ya kawaida, filamu hii ni aminifu. Mfuatano wa matukio makuu umehifadhiwa: watoto watatu wa simba, wawili kupelekwa Ulaya, mmoja kubaki, kisha uamuzi mgumu wa kumfundisha Elsa kuwinda ili aweze kurejea mwituni. Usimulizi wa nafsi ya kwanza haukuachwa, kwani sauti ya Joy inasikika ikimwongoza mtazamaji. George Adamson mwenyewe alikuwa mshauri. Juu ya hayo, filamu ilikataa kumfanya Elsa kikaragosi. Simba walioigiza ni simba halisi, na mahaba baina yao na waigizaji yanaonekana bila hila. Elsa wa filamu anasadikika kwa sababu hasemeshwi. Hisia zake zinasomwa katika mwendo, katika kukaa kimya na katika kurudi kwake. Hapa filamu imekipita kitabu, ambacho mara nyingine huyaeleza kwa maneno mengi yale ambayo jicho lingeyapokea mara moja.

Hata hivyo, mtu akiyaacha macho yamtoke Elsa na kuwatazama walio pembeni, picha hubadilika. Kitabuni, msako wa simba mla watu unaanza kwa habari ya Mborana aliyeuawa. Huyo aliyekufa hapewi nafasi kubwa, lakini angaa ana kabila, na kwa hiyo ana mahali na ana wenziwe. Filamu inafungua kwa mwanamke anayefua mtoni na kunyakuliwa na simba. Hana jina, hana kabila, hana atakayemlilia mbele ya kamera. Kazi yake ni kufa ili kisa kianze. Nuru, ambaye kitabuni amekabidhiwa ulinzi wa watoto wa simba, na Makedde, askari wa wanyamapori, wamo katika filamu, wakiigizwa na Peter Lukoye na Omar Chambati. Lakini wamo kwa namna ya watu wanaopokea amri na kutabasamu. Ni wahusika bapa kwa maana kamili ya istilahi hiyo.

Mandhari nayo imehamishwa. Sehemu kubwa ya filamu ilipigwa Naro Moru, chini ya Mlima Kenya, katika nchi ya majani mabichi na hewa baridi. Jua la Isiolo, ukavu wake, visima na njia za ngamia ni mambo yanayosikika katika kurasa za kitabu lakini hayaonekani katika filamu. Kwa hiyo, hata ikipimwa kwa kitabu chenyewe tu, filamu hii ina deni. Ilimhifadhi simba na kuiacha nchi yake.

Neno "Huru" na Nchi Iliyofungwa

Upungufu huo wa mandhari ungeweza kusamehewa kwa hoja ya gharama na usalama. Hoja ya usalama, hata hivyo, ndiyo inayofungua mlango wa suala zito zaidi. Filamu ilitengenezwa katikati ya miaka ya 1960. Desemba 28, 1963, majuma mawili na siku chache baada ya Kenya kupata uhuru, serikali ilitangaza hali ya hatari katika Mkoa wa Kaskazini Mashariki. Vita vilivyoitwa vya shifta, vilivyotokana na madai ya Wasomali wengi wa eneo hilo ya kujiunga na Somalia, viliendelea hadi makubaliano ya Arusha ya Oktoba 1967. Katika muda huo wafugaji walikusanywa katika vijiji vilivyolindwa na mifugo yao ikapotea kwa wingi. Sheria za hali ya hatari zilibaki hadi mwaka 1991.

Wala kufungwa huko hakukuanza na uhuru. Tangu sheria ya wilaya za mbali ya mwaka 1926, mtu hakuruhusiwa kuingia au kutoka katika wilaya hizo bila kibali, na sheria ya mwaka 1934 iliipa serikali uwezo wa kudhibiti zaidi mienendo ya wafugaji. Kitabu cha Joy Adamson ni kisa cha safari: msafara unakwenda Ziwa Rudolf, ambalo leo ni Turkana, unashuka pwani, unarudi. Msafara huo unapita katika nchi ambayo mchungaji wake alihitaji ruhusa ili avuke mpaka wa malisho. Uhuru unaoimbwa katika jina la kitabu, yaani kuzaliwa huru, ni wa simba. Kitabu hakikuuliza juu ya uhuru wa mwanadamu aliyezaliwa pale pale. Filamu nayo, kwa kuwa aminifu kwa kitabu, haikuuliza.

Pengine itasemwa kwamba si haki kuidai filamu ya simba itoe somo la siasa. Ni kweli kwamba hakuna kazi ya sanaa inayowajibika kusema kila kitu. Lakini kazi inayolifanya neno "huru" kuwa dhamira yake kuu imejifunga yenyewe kwa neno hilo, na mhakiki ana haki ya kulifuata hadi linapoishia. Hapa ndipo ilipo kejeli ambayo watengenezaji wa filamu hawakuikusudia. Miongoni mwa simba waliotumiwa yumo aliyeitwa Ugas. Kwa Wasomali, hilo ni jina la cheo cha mkuu wa ukoo. Cheo cha wazee wa Garissa na Wajir kiliingia katika filamu kikiwa kimevikwa mnyama, wakati wazee wenyewe hawakuonekana.

Kora: Adamson Anapogeuka Mhusika

To Walk with Lions, iliyoongozwa na Carl Schultz, haikutoholewa kutoka kitabu kimoja. Chanzo chake ni maisha ya George Adamson katika Kora, kusini mwa Mto Tana, upande wa juu wa mto kutoka mji wa Garissa. Richard Harris anamwigiza Adamson mzee katika Kampi ya Simba, na mtazamaji anaingizwa katika kisa kupitia kijana mgeni, Tony Fitzjohn. Kwa kiasi fulani filamu hii inaisahihisha ile ya kwanza. Uzee, ulevi, ukaidi na upweke havifichwi. Adamson si tena mume mpole wa Naro Moru. Mandhari ni kavu na kali kama inavyostahili. Upendo wa mzee kwa simba unaonyeshwa pamoja na hatari yake, na hatari hiyo si ya kubuni. Boy, mmoja wa simba wa Born Free, alimwua mfanyakazi wa kambi mwaka 1971, naye Adamson akampiga risasi. Aliyelipia ndoto ya filamu ya kwanza alikuwa mtu wa aina ya Nuru.

Lakini linapokuja suala la wenyeji, filamu ya 1999 inarudia kosa kwa sura mpya. Adamson aliuawa Agosti 20, 1989 na majambazi wenye silaha alipokwenda kumwokoa mgeni wake, na wafanyakazi wake wawili walikufa pamoja naye. Ukweli huo hauna ubishi, na filamu haikukosea kuwaonyesha wauaji kuwa wauaji. Tatizo ni kwamba Msomali wa filamu hii hana sura nyingine. Neno "shifta", lenye asili ya Pembe ya Afrika na maana ya haramia au mwasi, lilitumiwa na serikali miaka ya 1960 kumwita mpiganaji wa kisiasa. Miaka ya 1980 lilimhusu mwindaji haramu wa pembe za ndovu. Katika filamu linamfunika kila mtu mwenye kikoi na bunduki. Mtazamaji hasikii kwamba baina ya filamu hizi mbili palikuwa na Wagalla, Wajir, mwezi Februari 1984, ambapo wanaume wa Kisomali waliokusanywa na vyombo vya dola waliuawa katika kiwanja cha ndege. Kwa hivyo vurugu katika filamu hazina chanzo. Zinatoka nyikani kama upepo.

Kutokana na filamu hizi mbili yaelekea pana kanuni. Utohozi huweza kubadilisha kisa, wahusika wakuu na hata mwisho wake, lakini ukimya wa chanzo huhama mzima mzima. Kinachorithiwa kwa uaminifu mkubwa kuliko vyote ni kile ambacho chanzo hakikukiona.

Watu Wote: Pale Chanzo Kinapokuwa Watu

Filamu ya tatu inaijaribu kanuni hiyo. Watu Wote ni filamu fupi ya dakika 22 hivi, iliyoongozwa na Katja Benrath akiwa mwanafunzi wa Hamburg Media School, na iliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar mwaka 2018. Chanzo chake si kitabu bali tukio. Desemba 21, 2015, basi lililokuwa likielekea Mandera lilishambuliwa na Al-Shabaab karibu na El Wak. Abiria Waislamu waliwapa wenzao Wakristo nguo za kujisitiri wasitambulike, na wakakataa kutengwa nao. Tukio hilo lilikuja mwaka mmoja baada ya watu 28 kuuawa katika basi la Mandera, Novemba 22, 2014, na miezi minane baada ya watu 148 kuuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, Aprili 2, 2015. Salah Farah, mwalimu aliyepigwa risasi katika basi hilo, alisimulia yaliyotokea kwa waandishi wa habari kabla ya kufariki Januari 2016.

Katika filamu, Msomali ananena. Ananena Kisomali na Kiswahili, anabishana, anaogopa, anafanya mzaha, anaamua. Salah wa filamu, anayeigizwa na Abdiwali Farrah, ni mhusika duara: ni mwalimu anayetaka kueleweka kabla hajalazimika kuwa shujaa. Mazungumzo yake na Jua, abiria Mkristo mwenye uchungu na hofu, ndiyo uti wa mgongo wa kazi nzima. Jua ni mhusika wa kubuni, na kubuniwa kwake si usaliti, kwa kuwa kupitia kwake filamu inauonyesha ule woga ambao tendo la abiria liliushinda.

Hata hivyo, deni halijaisha. Tunaingia ndani ya basi kwa macho ya Jua. Tunamwona Salah kama yeye anavyomwona. Mwenyeji wa Mandera amepata ulimi lakini bado hajapata jicho. Swali kwamba hofu hiyo ilitoka wapi, na kwamba mwenyeji naye ana historia ya kuhofu mgeni na dola, halina nafasi katika dakika 22. Ufupi ni udhuru wa kutosha kwa filamu. Kwa fasihi ya eneo hilo si udhuru.

Hitimisho

Vuta N'kuvute ya Amil Shivji (2021), iliyotokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi ya mwaka 1999, yafaa kuwekwa kando ya filamu hizi. Imepunguza mengi ya riwaya na kujikita katika mapenzi ya Yasmin na Denge. Lakini Unguja imebaki Unguja, na Kiswahili chake kimebaki kinywani mwa wenyewe. Mfano huo unaonyesha kwamba inawezekana kuyakata matukio bila kuikata nchi.

Uaminifu, basi, una ngazi mbili. Ya kwanza ni kwa matini, na hapa Born Free inapata alama nzuri kwa Elsa na alama haba kwa mandhari. Ya pili ni kwa mahali na watu ambao matini imewatumia, na hapa filamu inaweza kufeli kwa sababu ile ile iliyoifanya ifaulu katika ngazi ya kwanza. Mhakiki anayesimama katika ngazi ya kwanza peke yake humsahihisha mwongozaji na kumwacha mwandishi apite bila kuulizwa. Elsa alikufa Januari 1961 na kaburi lake huko Meru lina alama na wageni. Mwanamke wa mtoni, aliyekufa katika dakika za mwanzo za filamu ili Elsa apate kisa, bado anangoja msimulizi wake.