Mchanga Uliofichwa Ndani ya Zege Kuukuu

Kusaga zege la jengo lililobomolewa si kazi ngumu. Kazi ni kupata humo mchanga unaofaa kumwagwa tena kwenye nguzo na boriti. Kokoto zake husumbua kidogo tu. Chembe za chini ya milimita 5 ndizo zenye mgogoro, maana saruji ya zamani hujikusanya huko, na saruji hiyo imejaa vitundu vinavyokunywa maji.

Tupige hesabu. Mita moja ya ujazo ya zege huweza kuchukua kilo 700 za mchanga na lita 180 za maji. Mchanga wa kusaga ukiwa unafyonza asilimia 10 ya uzito wake, nao umeingia mkavu, una nafasi ya kumeza lita 70. Zege linakuwa gumu kabla halijamwagwa, na fundi anaongeza maji kwa kukisia. Chembe hazinywi yote kwa mara moja. Yanayobaki huru yakizidi, nguvu ya zege inashuka.

Wajapani walilishika tatizo hapo hapo, kwenye ufyonzaji. Kiwango chao cha JIS A 5021 cha mwaka 2005 kinataka mchanga wa daraja H, unaoruhusiwa kwenye zege la kubeba mzigo, usifyonze zaidi ya asilimia 3.5. Daraja M lina kikomo cha asilimia 7, nalo huenda zaidi chini ya ardhi. L linafika 13, kwa kazi zisizobeba mzigo mkubwa.

Njia mojawapo ya kufikia H ni moto. Vipande vya zege hupashwa hadi nyuzi joto 300 hivi; saruji iliyoganda hupoteza maji yake na kuwa dhaifu, huku jiwe likibaki imara. Kisha huingizwa kwenye pipa linalozunguka, vikasuguana mpaka saruji ikabanduka na kuwa unga. Kinachobaki ni kokoto na mchanga vinavyokaribia ubora wa asili.

Gharama yake ni mafuta mengi, pamoja na rundo la unga linalohitaji matumizi. Kwa sababu hiyo sioni haja ya kuiga tanuri hilo kila mahali. La kuiga ni madaraja. Mkandarasi mwenye kifusi aloweke sampuli, aondoe maji ya juu ya chembe, aipime, aikaushe kabisa, aipime tena. Namba atakayopata ndiyo imwambie kama mchanga huo ni wa nguzo au wa jamvi la chini tu.