Mtazame Farasi Anavyoanguka

Vijana wa Mulongwe, huku kwetu, wamepata filamu mpya ya askari wapanda farasi wa Marekani, na chumba kizima cha video kimepiga makofi. Makofi ya nini? Farasi wa kompyuta, vumbi la kompyuta, na askari waliotoka vitani na makoti yaliyopigwa pasi. Kwa kuwa wazee wamenyamaza, nitasema mimi.

Kwanza yaliyo mepesi. Koti la bluu lazima lipauke mabegani. Kikosi kianze polepole, kiingie telki, ndipo kiende shoti. Kinachoanza na shoti hakina mwongozaji. Tarumbeta ilie mara moja tu. Na filamu bora za aina hii zilikwisha kutengenezwa kufikia 1950: John Ford alitoa Fort Apache mwaka 1948, She Wore a Yellow Ribbon 1949 na Rio Grande 1950. Anayebisha hajaziona zote tatu.

Sasa lile ambalo mtazamaji mchanga hulikosa kila mara, maana macho yake yako kwenye bunduki: farasi anavyoanguka. Upofu huu ni wa zamani. Vijana wa Léopoldville miaka ya 1950, waliojiita Bills kwa kumtukuza Buffalo Bill, waliiga kofia, skafu na mwendo wa madaha. Farasi hawakumwona. Huku kwetu hatufugi farasi, lakini mchunga ng'ombe wa bonde la Ruzizi anajua kwamba mnyama hajitupi chini bila sababu. Itafute sababu hiyo.

Walaghai walitumia waya. Ulifungwa miguu ya mbele, ukapitishwa kwenye pete chini ya tumbo, mwisho wake ukafungwa kwenye kitu kilichozikwa ardhini. Farasi anakuja shoti, masikio mbele, shingo imenyooka, hana habari. Waya ukiisha, miguu inanyakuliwa, anapinduka kichwa chini, na mpandaji anaruka kama jiwe la manati. Ndivyo ilivyofanyika kwenye The Charge of the Light Brigade ya 1936, na farasi wengi walikufa. Kwenye Jesse James ya 1939 farasi aliporomoshwa kutoka juu ya jabali, akafa. Kelele zikawa kubwa, na kuanzia 1940 watetezi wa wanyama wakaanza kusimamia upigaji picha.

Fundi humfundisha farasi wake. Hatamu huvutwa upande mmoja. Kichwa hugeuka kwanza, linafuata bega, ndipo mwili hulala ubavu. Simamisha picha hapo: shingo imepinda kabla mguu haujakunjika. Tazama na ardhi: anapoangukia pamelimwa, udongo una rangi nyingine. Ukiviona viwili hivyo, mvulie fundi kofia.

Mafundi wenyewe wana majina. Ben Johnson alikuwa mchunga ng'ombe wa Oklahoma. Wakati wa Fort Apache farasi wa gari walitoroka na watu ndani. Akawakimbilia, akawasimamisha, Ford akampa mkataba. Kwenye Rio Grande yeye na Harry Carey Jr. wanakwenda mbio wamesimama juu ya farasi wawili wawili, mguu huku mguu kule, wao wenyewe. Fred Kennedy naye, bingwa wa kuanguka, alivunjika shingo akafa mwaka 1958, walipopiga picha za The Horse Soldiers. Ford alikosa hamu ya kuendelea, akaikatisha kazi. Kwa hiyo msiniambie kuanguka ni kuanguka tu.

Enzi za kaseti, kabla jenereta haijazimika, wazee walidai mkanda urudishwe nyuma waone anguko lile tena, wakabishana hadi usiku. Leo kila mmoja ana simu inayorudisha picha mara elfu, na hakuna anayerudisha. Rudisheni. Mkikuta shingo iliyopinda na udongo uliolimwa, pigeni makofi hadi viganja viume. Msipovikuta, ombeni pesa zenu.