Mfupa na Imani

Yako mabishano yadumuyo kwa sababu wabishi hawajaafikiana juu ya swali lenyewe. Ubishi wa sayansi na imani ya dini ni mmoja wa hayo. Kijana wa shule ya sekondari hufundishwa darasani mabadiliko ya viumbe, kisha huhubiriwa kanisani au msikitini habari za kuumbwa kwa Adamu. Aghalabu hujiona ametakiwa kuchagua, na kwamba akishika moja amesaliti la pili. Yafaa tupime kama uchaguzi huo ni wa lazima.

Tuanze na jiwe. Mtaa wa Kware, mashariki mwa Nairobi, haukupewa jina la ndege. Jina hilo ni neno la Kiingereza la machimbo ya mawe, lililokwisha kuzoea ulimi wetu. Mawe mengi yaliyojengea Nairobi, pamoja na shule zake na nyumba zake za ibada, ni majivu ya volkano yaliyoganda zamani sana. Mcha Mungu hulitazama jiwe hilo akamsifu Muumba. Mwanasayansi huliuliza umri wake. Wote wawili hukaa kwa amani. Vita huanza pale kinachochimbuliwa kinapokuwa mfupa wa binadamu.

Mwaka 1984, Kamoya Kimeu, Mkenya aliyekuwa hodari sana wa kutafuta masalia ya kale, aliokota kipande kidogo cha fuvu huko Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana. Kundi la Richard Leakey na Alan Walker lilichimbua hapo sehemu kubwa ya mifupa ya mtoto wa kiume aliyekufa yapata miaka milioni 1.5 iliyopita. Umri huo haukubahatishwa. Sehemu ya potasiamu iliyomo katika chembe za majivu ya volkano hugeuka kuwa gesi ya agoni kwa kipimo kinachojulikana. Apimaye gesi hiyo hujua majivu yalitua lini, na mfupa uliolala kati ya matabaka yake hupata umri.

Mwaka 2006, makumbusho ya taifa ya Nairobi yalipokuwa yamefungwa kwa matengenezo, Askofu Boniface Adoyo aliwaongoza viongozi wa makanisa ya kiinjili kudai kwamba mifupa hiyo isipewe mahali pa heshima kama ushahidi wa asili ya mwanadamu, bali iwekwe kando. Leakey alipinga vikali. Makumbusho yalifunguliwa tena mwaka 2008, na mifupa haikufichwa.

Haki yataka tutenganishe mambo mawili katika dai kama hilo. La kwanza ni hofu kwamba mtoto akiambiwa ametokana na viumbe wa chini, ataidharau nafsi yake na ya jirani yake. Hofu hiyo si upuuzi, na mwanasayansi aichekaye hajaijibu. La pili ni dawa iliyopendekezwa, yaani kuweka ushahidi kando. Hapo dai lashindwa. Mfupa uliowekwa stooni haupunguzi hata siku moja ya umri wake. Na kijana atakayeujua baadaye atauliza ni mambo gani mengine aliyofichwa na walimu wake wa dini. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Walakini upande wa pili nao una kosa lake. Wako wasemao kwamba mfupa wa Nariokotome umekwisha kumwondoa Mungu. Mfupa haukusema hivyo. Kipimo cha agoni hueleza mtoto yule aliishi lini; hakielezi kwa nini ni dhambi kumdhulumu mtoto aliye hai leo. Asemaye kwamba sayansi imelimaliza swali hilo ameacha kupima na kuanza kuhubiri.

Je, basi kila mmoja abaki katika shamba lake? Suluhu hiyo ni nyepesi mno, maana mpaka wa mashamba hayo ndio unaogombewa. Vitabu vitakatifu husema juu ya ardhi hii hii tunayoichimba. Kwa hiyo mapatano yana gharama. Mwaka 1950 Papa Pius XII aliruhusu wataalamu wachunguze kama mwili wa mwanadamu ulitokana na viumbe vilivyotangulia, huku akishikilia kwamba roho huumbwa na Mungu. Waislamu wetu, kadhalika, husali kwa ratiba zilizopigiwa hesabu ya mwendo wa jua, wala sala haikupungua thamani kwa hesabu hiyo.

Hukumu yetu ni kwamba sayansi na imani zaweza kupatana, iwapo kila moja italipa sehemu yake. Dini ilipe kwa kukubali kusoma upya maneno yake pale ushahidi unapokuwa imara. Sayansi ilipe kwa kutodai kujua isichokipima. Kijana asiyekubali kuficha mfupa, wala kutupa sala yake, hajamsaliti mtu. Amechukua kazi iliyo nzito kuliko ya wale waliochagua upande mmoja, na anastahili walimu watakaomsaidia kuibeba.