Kazi Inayoanzia Kwenye Kucha

Mteja akileta gereji stesheni wagon yake na kusema anataka buti litengenezwe la kubebea mbwa, mara nyingi huwa ameshaichora kazi yote kichwani, na yote ni chuma: wavu mnene, nondo, kufuli. Fundi anayeijua kazi humwacha amalize. Kisha huinama, hupapasa sakafu ya buti kwa kiganja, na kuuliza, "Mbwa mwenyewe yuko wapi, bosi?"

Fundi wa namna hiyo nilimkuta Arusha, mji ambao mafundi bodi wake wamezoea kukata Land Cruiser katikati, kuirefusha na kuiwekea paa la kunyanyuka kwa ajili ya watalii. Kwa mikono kama hiyo buti la mbwa ni kazi ya kupitishia siku tu, ila huyu aliishika kwa uzito uleule. Mbwa akaletwa, jike la German Shepherd, akasimamishwa kwenye saruji na kupimwa kwa tepu: toka chini hadi ncha ya sikio, toka puani hadi shina la mkia. Akabembelezwa alale, akapimwa upya akiwa amejinyoosha. Kijana wa gereji alikuwa akiandika vipimo kwa chaki.

"Akisimama asigonge, akigeuka asikwame, akilala anyooke," fundi akamwambia. "Lakini ukumbi usimpe."

Hilo la ukumbi wengi hulikosea kwa upendo. Tunadhani nafasi kubwa ndiyo starehe, kumbe dereva akikanyaga breki ghafla, kila sentimita ya ziada ni mwendo ambao mwili wa mbwa utauruka kabla ya kugonga kitu. Mbwa aliyebanwa kiasi hujiegemeza ubavuni na safari ikaendelea.

Kazi yenyewe ilianza sakafuni, na hapo ndipo nilipotaka kukaa muda mrefu. Zulia la kiwandani huteleza, na plastiki huteleza zaidi. Kucha za mbwa hazina pa kushika, kwa hiyo kwenye kila kona mbwa hukaza misuli ya miguu yote minne, na baada ya saa moja ya barabara ya milima huwa amechoka, anatoa ute, pengine ametapika. Mwenye gari husema mbwa wake hapendi gari. Mara nyingi anachokichukia mbwa huyo ni sakafu.

Fundi aling'oa zulia, akakata kadibodi ifuate matao ya magurudumu, akaiweka, akaitoa, akapunguza ukucha mmoja, akairudisha. Plaiwudi ya milimita 12 haikuguswa na msumeno mpaka kadibodi ilipokaa bila kuacha hata mwanya wa kupitisha kidole. Katikati akakata mfuniko juu ya tairi la spea, maana pancha haichagui mahali, na hakuna anayetaka kubomoa chumba cha mbwa kando ya barabara usiku. Juu ya plaiwudi ukaja mpira wa sakafu. Dukani kulikuwa na wenye mistari na wenye vipele, akachukua wa vipele. Mistari, alieleza, humshika mbwa upande mmoja tu: ukiilaza kwa ajili ya breki, kwenye kona anateleza, ukiigeuza, breki inamtupa. Kipele hushika kutoka pande zote. Kingo za mpira akazipandisha ukutani kiasi cha upana wa kiganja, ili mkojo na maji ya tope yasipenye chini na kuozesha mbao. Alipoweza kutumia skrubu hakutumia gundi, na palipolazimu gundi, gari lililala milango wazi hadi harufu ikaisha. Pua ya mbwa si yetu, na kile tunachokiita harufu kidogo, kwake kinaweza kuwa kero ya safari nzima.

Baada ya miguu ikafuata pumzi. Mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi. Hutoka kidogo kwenye nyayo, na joto lililobaki hulitoa kwa kuhema. Kuhema kunahitaji hewa inayotembea, na buti la stesheni wagon ndiko ubaridi wa AC hufika mwisho. Ndiyo maana kizuizi kati ya buti na siti kilikuwa cha wavu, si ubao, na feni ndogo ya volti 12 ikafungwa juu, upande wa kivuli, ivute hewa kutoka mbele. Mteja akapendekeza mlango wa nyuma uwe unaachwa wazi kidogo gari likitembea. Fundi akakataa papo hapo: mlango ukiwa wazi, gari huvuta moshi wa ekzosi ndani, na anayeuvuta wa kwanza ni aliyelala sakafuni.

Hapo hapo alimwambia jambo jingine, na nilimheshimu kwa kulisema kabla ya kulipwa. "Mzee, hakuna kitu nitakachokutengenezea hapa kitakachokuruhusu kumwacha ndani juani." Na ni kweli. Nje kukiwa na nyuzi 24 tu, hali ya hewa ambayo Arusha tunaiita nzuri, ndani ya gari lililofungwa zinaweza kufika 34 kwa dakika 10 na kuvuka 40 katika nusu saa. Kuteremsha kioo kidogo hakusaidii kitu cha maana. Joto la kawaida la mbwa ni kama nyuzi 38 na nusu. Likipita 41 anaelekea kufa.

Wanaoishi kwa pua ya mbwa wanalijua hili kuliko sisi wa mitaani. Usa River, mwendo mfupi kutoka mjini, shirika la African Wildlife Foundation limekuwa likifundisha mbwa na waongozaji wao tangu mpango huo uanze mwaka 2014, kwa kazi ya kunusa pembe za ndovu, pembe za faru na magamba ya kakakuona bandarini na kwenye viwanja vya ndege. Mbwa anayehema kwa nguvu hawezi kunusa sawasawa kwa wakati huohuo. Akishuka garini ameiva kwa joto, mzigo wa magendo unaweza kumpita puani.

Chuma kikaja mwisho. Hesabu yake si ngumu: mbwa wa kilo 30, gari liko kwenye kilomita 50 kwa saa, likisimama ghafla ndani ya nusu mita, mwili wake unasukuma mbele kwa nguvu ya karibu kilo 600. Skrubu zilizopigwa kwenye bati jembamba zitang'oka kama vifungo vya shati. Fundi alitafuta sehemu ambazo kiwanda chenyewe kilikwisha kuziimarisha, pale siti za nyuma zinapofungwa na pale penye pete za kufungia mizigo, akafunga fremu hapo kwa boliti na washa pana. Wavu aliuchagua wenye matundu madogo, yasipitishe ukucha wala kunasa taya.

Kisha akachukua tupa. Grenda ilikwishapita kwenye kila kiungo cha kuchomelea, na kwa jicho langu kazi ilikuwa tayari. Yeye alitoa mfukoni soksi kuukuu ya kike, ile nyembamba, akaivisha mkononi na kuipitisha polepole juu ya kila kiungo, ndani na nje, hata nyuma ya bawaba ambako hakuna atakayetazama. Uzi ukinasa, tupa, halafu msasa, halafu soksi tena. Kwenye kona ya chini, usawa wa jicho la mbwa aliyelala, alirudia mpaka kijana wake akaanza kuangalia jua. Hakumwambia kitu. Alimpa soksi avae, naye apapase.

Zikabaki kelele. Sikio la mbwa husikia sauti nyembamba ambazo sisi hatuzijui, na chuma kinachogongana na chuma kwenye kila tuta ni mateso kwake, hata kama dereva hayatambui. Kila panapokutana vyuma viwili akaweka kipande cha mpira wa tyubu. Akaingia butini mwenyewe, mtu mzima aliyejikunja magoti kifuani, akamwamuru kijana alipeleke gari kwenye matuta ya barabara ya mtaani. Waliporudi alikuwa ameshajua ni boliti gani inayolia.

Mteja alishangaa kuona mlango mdogo wa wavu upande wa siti za nyuma, ambao hakuuagiza. Gari likigongwa kwa nyuma, mlango wa buti unaweza kujikunja usifunguke tena, na mbwa lazima awe na pa kutolewa. Kule Sweden kuna viwanda vinavyotengeneza masanduku ya mbwa na kuyajaribu kwa kuyagongesha. Yamo yenye mlango wa dharura kama huo, na yanayokubali kujikunja kidogo ili pigo lisimfikie mnyama. Fundi huyu hana maabara ya kugongesha. Ana picha ya ajali kichwani, akilifuata gari linavyojikunja kipande kwa kipande, na kwa mawazo yangu huo ni ufundi wa daraja la juu kuliko kuchomelea vizuri.

Bei ilipotajwa, mteja aliguna. Jirani, alisema, angefunga wavu kwa nusu ya bei hiyo, na shambani kwao mbwa husafiri nyuma ya pikapu na kamba shingoni, wala hajafa. Fundi hakubishana naye kuhusu pesa. Alisema tu kwamba mbwa aliyefungwa kamba shingoni akiruka ukingo wa pikapu hujinyonga, na kwamba dereva huwa hajui mpaka afike. Kisha akamkabidhi spana namba 14, akampeleka nyuma, akamshikisha mkono kwenye boliti moja moja.

"Wiki ya kwanza, ukipita barabara ya vumbi, hizi nne zitalegea. Zikaze mwenyewe. Ukiona uvivu, lete, sitakutoza."